Juba hadi Nairobi ni saa moja na dakika arobaini: hesabu niliyoikosea siku ya maziko ya babangu

Wakuu, salaam kwenu wote.

Mimi ni msomaji wa humu wa miaka mingi, kuandika ni nadra. Juzi kuna mwenzetu aliuliza kutoka Juba hadi Nairobi kwa ndege ni umbali gani na safari inachukua muda gani. Wa kwanza akamjibu saa moja na nusu. Wa pili akaongeza dakika kumi. Wa tatu akaweka kilomita, kama mia tisa hivi. Jamaa akashukuru, uzi ukaisha.

Nimeyasoma yale majibu nikashindwa kutulia. Nimeinuka kitini mara tatu. Hayana uongo, lakini mimi niliyaamini siku moja na bado sijapona.

Nitakayoandika yalinipata mwenyewe. Majina nimebadilisha, mengine nimeacha yalivyo, hata pale yanaponiaibisha.

Mimi ni mtu wa Mombasa, fundi wa friji na AC. Niko Juba mwaka wa nne sasa, kwenye hoteli moja upande wa mto, si mbali na bandari. Kazi yangu ni kuhakikisha cold room inagandisha na vyumba vya wageni vinapoa. Kwa joto la huku, AC ikizima saa moja tu, simu haziishi.

Nyumbani nina mama, baba, na dada yangu mdogo, Rukia, ambaye ameolewa. Mtoto wa kiume ni mimi peke yangu.

Nilipopata kazi hii wazee hawakuifurahia. Mama alikuwa akisikia Juba anafikiria vita tu. Basi nikawa nawatuliza kwa masaa. Nawaambia Juba si mbali, ni saa moja na dakika arobaini mpaka Nairobi, halafu saa moja mpaka Mombasa. Mkiniita asubuhi, mchana tunakula pamoja.

Baba aliishika hiyo. Mtu akimuuliza mwanao yuko wapi, anajibu yuko hapo tu, mwendo wa kutoka asubuhi kufika mchana. Aliwaambia mpaka watu wa msikitini.

Siku yenyewe ilikuwa katikati ya wiki. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa cold room nasoma kipimo cha joto kama kila siku. Simu ikaita, Rukia. Nikajua. Rukia hanipigii saa hizo.

Alikuwa analia tu. Simu ikachukuliwa na ami yangu, mdogo wake baba, nitamwita Ami Bakari.

"Babako ametutoka," akaniambia. "Alikwenda alfajiri msikitini, akarudi, akajilaza. Hakuamka."

Baba hakuwa mgonjwa, wakuu. Jioni ile ya nyuma tulikuwa tumezungumza, akanilalamikia kuhusu paa la jikoni linalovuja.

Ami akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia. "Tunafikiria kumzika baada ya adhuhuri. Wewe unasemaje?"

Kwa wasiojua, sisi Waislamu maiti hatumweki. Mtu akifariki asubuhi, jua likizama na yuko nyumba yake ya milele. Na mtoto wa kiume ndiye anayetarajiwa kuingia kaburini kumpokea babake. Siyo lazima ya sheria, lakini ni kitu ambacho mwanamume anajua tangu mdogo kwamba siku moja atafanya.

Nikamwambia, "Ami, nisubirini. Ndege ipo leo saa nne na nusu. Saa sita na dakika kumi niko Nairobi. Ya Mombasa inaondoka saa saba na nusu. Saa tisa na nusu niko nyumbani. Mzikeni baada ya alasiri."

Nilizitaja zile saa bila kuangalia popote. Nilikuwa nimezisema kwa miaka mitatu, nazijua kama namba yangu ya simu.

 Ami akasema, "Haya mwanangu. Njoo."

Dada wa mapokezi akanitafutia tiketi ya kufika Nairobi, nafasi ikapatikana. Ile ya Mombasa nikakata mwenyewe kwenye simu, tiketi mbili tofauti. Kumbukeni hapo.

Nguo nimetia kwenye begi dogo la mgongoni, natafuta passport, ndipo nikakumbuka sinayo.

Passport yangu alikuwa nayo Moses. Huyu ni Mganda, ana kiofisi mtaa wa Buluk, kazi yake ni kuwashughulikia watu vibali na visa. Alikuwa ameichukua siku mbili kabla ili aende kunifanyia renewal ya kibali cha kazi. Nikampigia, haipatikani. Nikapiga tena. Nikapiga nikiwa juu ya boda tayari, tunaelekea Buluk, simu sikioni, mkono mmoja nimeshika chuma cha nyuma.

Alipopokea niliongea vibaya. Nilimfokea mtu aliyekuwa bado yuko kitandani.

Akaniuliza pole pole, "Nani amekufa?"

"Babangu."

"Malesh, ndugu," akasema. Hiyo ndiyo pole yao huku. "Passport iko. Mimi si iko Buluk, mimi iko nyumbani Mangateen. Huku mvua ilikuwa mingi, barabara yote ni tope. Wewe ngoja mbele ya ofisi, usitoke. Mimi nakuja na miguu mpaka lami."

Nikasimama mbele ya mlango wake uliofungwa kwa kufuli mbili. Mama mmoja alikuwa anafungua meza yake ya chai pale pembeni, akaniwekea stuli. Sikuikalia. Nilitembea kutoka ule mlango mpaka kwenye mtaro, mtaro mpaka mlangoni. Kila dakika naangalia saa. Saa moja na robo. Saa moja na ishirini. Saa moja na nusu.

Nilifikiria hata kuvunja kufuli. Nina vifaa, ni fundi. Niliziangalia zile kufuli nikazipima kabisa.

Moses alitokea saa mbili kasorobo, suruali imekunjwa mpaka magotini, viatu mkononi, tope mpaka kwenye shati. Alikuwa amekimbia, niliona anavyohema. Akafungua, akatoa bahasha kwenye droo, akaipekua passport mpaka kwenye visa yangu.

"Iko na siku nne," akasema. "Mungu iko. Leo mimi nilikuwa napeleka hii. Kama ulipiga saa tatu, hakuna kitu."

Kisha akakataa kuniacha niende peke yangu. Alisema wakiuliza kuhusu kibali, mimi kwa hali ile nitagombana na watu. Tukapanda boda mbili mpaka airport.

Tulipofika, kabla sijaingia, akaniuliza mzee wangu alikuwa na miaka mingapi. Nikamwambia. Akauliza kwa nini nina haraka hivyo, mazishi ni lini. Nikamwambia leo, alasiri.

Alishangaa kweli. "Leo? Sisi tunangoja mtu hata wiki. Mama yangu alikufa, mimi nilikuwa hapa. Nikachukua basi ya Nimule, mpaka wa Uganda. Siku ya tatu ndiyo nilifika kijijini, na walikuwa wamekaa tu, wananingoja. Nyinyi hamungoji?"

"Hatungoji," nikasema. "Leo wananisubiri kwa sababu nimewaomba."

Akanitazama, akanishika bega. "Basi kimbia."

Nikapita ukaguzi, nikagongewa muhuri, hakuna aliyeniuliza la kibali. Saa tatu na robo nimeshakaa na boarding pass mkononi. Nikapumua mara ya kwanza tangu asubuhi.

Nikampigia ami. Nikamwambia niko airport, mambo yako sawa. Akasema alhamdulillahi.

Saa nne, ndege haijaonekana. Saa nne na nusu, ile saa ya kuruka, bado uwanja mtupu. Mhudumu nikimuuliza anasema "lissa", maana yake bado. Baadaye ndipo tukaambiwa Nairobi kumekuwa na ukungu asubuhi, ndege imechelewa kutoka kule.

Ukungu si kosa la mtu. Lakini mimi nilitaka mtu wa kumlaumu. Nilikwenda pale kaunta mara sita. Mara ya sita yule kijana wa kaunta aliponiona nakuja akaangalia chini, nikajionea aibu nikarudi.

Nikampigia ami tena. Nikamwambia kuna delay kidogo. Nilitegemea atauliza kidogo kiasi gani, kwa sababu watu wamekaa, jua linapanda, na Mombasa ni joto. Hakuuliza.

"Usijali," akasema. "Wewe njoo salama."

"Ami, mtaweza kusubiri?"

"Njoo salama, mwanangu."

Nikaona ananihurumia. Nikajilaumu zaidi. Nikaanza kuwaza kile chumba cha mbele nyumbani, baba amelazwa, wazee wamekaa barazani wanaangalia saa, na kila mmoja anajua wanamsubiri nani.

Tuliitwa kupanda saa tano na dakika ishirini na tano. Nikiwa kwenye foleni nikapiga mara ya mwisho, kumwambia ami ndio napanda. Nyuma yake nilisikia sauti za watu wengi, wanaume. Nikadhani ni watu wa matanga. Akasema "Fi amanillah," yaani nenda katika ulinzi wa Mungu, akakata upesi.

Tuliruka saa sita kasoro dakika kumi.

Pembeni yangu alikaa dada mmoja Mkenya, mfanyakazi wa benki huko Juba, anakwenda likizo. Aliona goti langu halitulii. Akaniuliza kama naogopa ndege. Nikamweleza kwa kifupi.

Akanipa pole, kisha akauliza, "Ya Mombasa ni ya saa ngapi?"

"Saa saba na nusu. Tukitua saa saba na nusu haswa nimeikosa, lakini labda nayo imechelewa kwa ukungu. Ikishindikana nachukua inayofuata."

Akafikiria. Akasema taratibu, kama mtu anayeogopa kuvunja kitu, "Kaka, tutatua saa nane na nusu."

Nikamwambia hapana. Saa sita kasoro kumi, ongeza saa moja na dakika arobaini, ni saa saba na nusu.

"Saa ya Juba," akasema. "Nairobi iko mbele saa moja."

Wakuu, mimi hilo nalijua. Ninaishi nalo. Kila wiki nikipiga nyumbani nahesabu kwanza huko ni saa ngapi nisije nikawaamsha. Tiketi yenyewe ilikuwa imeandikwa saa ya kutoka na saa ya kufika, kila mji kwa saa yake. Niliangalia ya kutoka tu. Ya kufika sikuiangalia kwa sababu nilikuwa najua.

Maana yake, hata bila ukungu, ningetua Nairobi saa saba na dakika kumi, ndege ya Mombasa inaondoka saa saba na nusu. Passport, foleni, kubadilisha jengo, ndani ya dakika ishirini, na kwa tiketi mbili tofauti hakuna wa kunionya wala wa kunisubiri. Haikuwa inawezekana. Tangu ile saa kumi na mbili na nusu asubuhi pale cold room, haikuwa inawezekana, na mimi nimewaambia watu wamsubirishe maiti.

Na niko angani. Simu ni kipande cha kioo tu.

Ule ndio muda mrefu kuliko wote niliowahi kukaa. Walileta juisi na sandwichi, sikugusa. Nilifungua mkanda nikafunga. Nilikwenda chooni nikasimama tu humo ndani nimeshika sinki. Kwenye kile kiskrini cha mbele kuna ramani, kidege kinatambaa, chini yake kilomita zinapungua. Mia sita. Mia tano na themanini. Nilitamani kukisukuma kwa kidole.

Mahali fulani juu ya Turkana, nadhani, niliacha kuhesabu. Nikajiuliza swali ambalo ningetakiwa kujiuliza asubuhi: nani hasa anayesubiri? Baba hanisubiri. Baba amemaliza. Ninayetaka nionekane nimefika ni mimi, kwa sababu miaka mitatu nimesema ni karibu.

Nikaamua. Nikitua tu, kabla ya kusimama, nitapiga simu niwaambie wamzike. Sitaki kuomba tena. Nilipanga maneno, nikayarudia kimoyomoyo, kwa sababu nilijua nikifika kwenye neno lenyewe nitakwama.

Magurudumu yaligusa chini saa nane na nusu na dakika chache. Nikawasha laini ya Kenya. Watu wanafungua mikanda, wanavuta mabegi, mimi nimeinama nimeziba sikio moja.

"Ami, nimetua Nairobi. Sitawahi. Nilikosea hesabu, kosa ni langu. Mzikeni. Msinisubiri tena, mzikeni baba."

 

Akasema, "Tumeshamzika, mwanangu."

"Lini?"

"Baada ya adhuhuri. Saa saba na kitu alikuwa ameshafunikwa."

Sikuelewa haraka. Saa saba na kitu yao, mimi ndio kwanza nilikuwa na dada wa benki tunabishana kuhusu saa. Zile sauti za wanaume nilizosikia wakati napanda zilikuwa za watu waliokusanyika kumswalia baba. Ami alinijibu simu ile akiwa mlangoni mwa msikiti.

"Mbona ulinidanganya?"

"Sikukwambia tunakusubiri," akasema. "Nilikwambia njoo salama."

Alisema kweli. Tangu ile "haya mwanangu, njoo", hakuniahidi kitu. Mimi ndiye niliyejijazia.

Nilikaa pale kitini mpaka ndege ikabaki tupu. Dada wa benki hakuondoka. Alibeba begi langu, akasimama nami foleni ya passport, akanifikisha mpaka upande wa ndege za ndani. Hata jina sikumuuliza. Kama unapita humu, dada, asante.

Nikakata tiketi nyingine ya Mombasa, nikafika nyumbani jua limezama. Ami alinipokea getini, tukaenda moja kwa moja makaburini tukiwa na shemeji yangu, mume wa Rukia. Yeye na ami ndio walioingia kumpokea baba. Shemeji alinieleza yote bila mimi kumuuliza, jinsi walivyomshika, nani alikuwa kichwani, nani miguuni, jinsi udongo ulivyokuwa mkavu. Alinieleza kama mtu anayenirudishia kitu changu. Namshukuru kwa hilo mpaka leo.

Rukia nilimkuta amekasirika, lakini si na mimi. Amekasirika na mama na ami. Yeye alitaka wanisubiri. Walibishana, mpaka mama akasema neno la mwisho.

Nilimkuta mama chumbani, amekaa eda yake. Nikampigia magoti nikamwambia mama, nilikosea saa.

"Hukukosea leo," mama akasema. "Ulikosea tangu ulipoondoka. Babako aliamini uko karibu. Mimi sikuamini siku moja, ila nilinyamaza kwa sababu yeye alikuwa anafurahi kuamini."

Kisha akaniambia, "Ni mimi niliyemkataza Bakari asikwambie. Ningekwambia ukiwa kule, ungekaa na nani?"

Hapo ndipo nililia.

Ni miezi kadhaa imepita. Nimerudi Juba, kazi ni ileile, matishari yanapakia pale bandarini kama kawaida. Saa ya ukutani chumbani nimeipeleka saa ya Mombasa, ya simu ni ya Juba. Passport hailali nje ya chumba changu tena bila mimi kuwa na tarehe ya kuirudisha, na Moses ameielewa hiyo bila kinyongo.

Sasa yule ndugu aliyeuliza. Ukitaka kujua Juba na Nairobi ni muda gani, usihesabu kutoka magurudumu yanapoinuka. Hesabu kutoka simu inapokukuta mpaka mkono wako unapogusa mlango wa kwenu. Weka ndani yake tope la Mangateen, weka kufuli la mtu mwingine, weka ukungu wa mji ambao hata hujaufikia, weka tofauti ya saa. Mimi siku ile nilitumia karibu saa kumi na moja, na nilikuwa nakimbia. Kisha hiyo ndiyo uwaambie wazee wako, hata kama itawahuzunisha. Na uwaambie mapema, ukiwa mzima na wao wazima, kwamba likitokea la kutokea wasikusubiri. Mimi nimeshamwambia mama. Alitikisa kichwa tu, akaendelea kuchambua mchele.

Kuna moja sijalimaliza. Ami Bakari sijamwambia kama nilielewa au bado nina donge. Naye hajaniuliza. Tukiongea tunaongea paa la jikoni.

Siku zingine nashukuru kwamba nilipanda ile ndege nikiwa na matumaini. Siku zingine nasema nilikuwa na haki ya kujua babangu anaswaliwa saa ngapi, hata kama niko kwenye foleni Juba, ili nisimame pembeni nimwombee wakati huohuo na wao.

Naomba michango yenu, hasa mlio mbali na kwenu. Wewe ungekuwa ndiye ami, umesimama mlangoni mwa msikiti, jeneza liko ndani, simu inaita na unajua ni mimi. Ungepokea ukaniambia?